Lugha ya Nkambo

Katika Kongo, kusini-magharibi mwa Ziwa Tanganyika, kuna milima inayoitwa Marungu. Vilele vyake vinapita mita 2,000. Chini ya milima hiyo, kando ya ziwa, uko mji wa Moba, ambao zamani uliitwa Baudouinville. Nchi hii, toka Tanganyika mpaka karibu na Ziwa Mweru, ni nchi ya Watabwa, na lugha yao ni Kitabwa.

Alikuwako mtoto mmoja wa Moba, mwanafunzi wa darasa la sita. Baba yake alikuwa mvuvi wa ndakala. Nyumbani walisema Kiswahili, sokoni Kiswahili, shuleni Kiswahili na Kifaransa. Kitabwa alikisikia tu wazazi wake walipokuwa na siri, au walipogombana.

Wenzake walipomwuliza kama anajua Kitabwa, alijibu:

– Ninakisikia. Kitabwa ni Kiswahili tu, kimepinda kidogo.

Hakudanganya. Alifikiri hivyo kwa kweli. Maneno mengi aliyoyashika yalifanana na ya Kiswahili, na yale asiyoyashika aliyaacha yapite.

Wakati wa mapumziko ya Pasaka, baba yake alimtuma milimani kwa nkambo wake. Nkambo alikuwa mzee, lakini ulimi wake ulikuwa bado kijana. Alimwita mtoto "mume wangu", kama nyanya wanavyowatania wajukuu wao, akamlaumu mbele ya watu kwamba ni mume mbaya, asiyeleta hata samaki mmoja toka ziwani. Watu walicheka sana. Mtoto naye alicheka, ingawa nusu ya maneno hakuyaelewa. Kila mara alijibu kwa Kiswahili.

Siku ya nne, mtoto alipewa mbuzi kuwachunga. Mawingu yalikuwa meusi juu ya mlima. Alipokuwa akitoka, nkambo alimwita toka mlangoni. Alisema maneno mengi, akionyesha kwa mkono wake upande wa korongo. Mtoto alishika neno moja tu: kibanda.

– Ndiyo, nkambo, alijibu, akaenda zake.

Saa tisa mvua ikaanza. Mtoto akakumbuka lile neno. "Nkambo amesema kuna kibanda korongoni", akawaza. "Nitajikinga humo." Akawafukuza mbuzi, wakashuka pamoja mpaka chini. Akatafuta huku, akatafuta kule. Hakuona paa, hakuona hata nguzo. Alikuwa bado anatafuta aliposikia mngurumo toka juu. Maji ya mlima yalikuwa yakija, mekundu, yamebeba mawe na matawi.

Alishika mizizi ya mti uliokuwa ukingoni. Maji yalimpiga kiunoni, kisha kifuani. Mkulima mmoja aliyekuwa akirudi toka shambani alisikia kilio chake, akamvuta kwa mpini wa jembe. Mbuzi wawili walichukuliwa na maji.

Jioni baba yake mdogo alimwuliza karibu na moto:

– Nkambo amekukataza kwenda kule. Kwa nini ulikwenda?

– Alisema kuna kibanda.

Baba mdogo akanyamaza kidogo. Kisha akasema:

– Mwanangu, kwetu kibanda si nyumba ndogo. Kibanda ni mzimu mkali wa mtu aliyekufa na uchungu moyoni, kwa sababu watu walimdhulumu. Nkambo alikuambia: usipite pale, mahali pale ni pabaya, pameua watu. Wewe ulisikia kwamba pana nyumba.

Nkambo alikuwa amekaa pale pale. Hakusema neno.

Kesho yake, alipomwita mtoto kula, alimwita kwa Kiswahili. Alikijua kidogo sana. Alisema: "Wewe kuja. Wewe kula." Jioni alisema: "Wewe kulala." Kwanza mtoto alifurahi, kwa maana sasa alielewa kila neno. Lakini siku zilipopita aliona kwamba kuna kitu kimetoka katika nyumba ile. Nkambo hakumwita tena "mume wangu", kwa sababu hakujua kutania kwa Kiswahili. Hakusimulia hadithi. Yeye ambaye katika lugha yake aliwachekesha watu wa kijiji kizima, katika Kiswahili alikuwa kama mtoto wa miaka mitatu. Alikuwa ameogopa kwamba maneno yake yatamwua mjukuu wake, basi akayafunga.

Mtoto akarudi Moba na moyo mzito.

Shuleni aliwasimulia wenzake habari ya maji. Alipofika kwenye kibanda, walicheka mpaka machozi yakawatoka. Mwalimu alisikia. Yeye hakucheka. Alichukua chaki, akaandika ubaoni neno moja: MTU. Akauliza:

– Nani anajua neno hili katika lugha ya kwao?

Mtoto mmoja, ambaye wazazi wake walitoka Manono, akasema: Kiluba ni muntu, na wengi ni bantu. Msichana mmoja, ambaye mama yake alitoka upande wa Pweto, akasema: Kibemba ni umuntu na abantu. Mtoto wa askari akasema: Kilingala ni moto na bato. Hapo darasa likacheka tena. Mmoja akapiga kelele: "Kumbe huko kuzima moto ni kuua mtu!" Mwalimu naye safari hii alicheka. Kisha akaongeza yake: Wakongo wa magharibi husema muntu na bantu, Wanyarwanda, umuntu na abantu, Wanande wa Kivu ya Kaskazini, omundu na abandu, na mbali sana, Afrika ya Kusini, Wazulu husema umuntu na abantu.

– Na Kitabwa? aliuliza.

Mtoto aliyeponea korongoni akajibu kwa sauti ndogo:

– Muntu. Bantu.

– Tazameni basi, alisema mwalimu. Kati ya hao wote, ni nani aliyepinda? Kiswahili kimemeza u na n ya muntu, kikasema mtu. Kimegeuza b ya bantu, kikasema watu. Kama kuna aliyepinda hapa, ni Kiswahili chetu. Lakini hakuna aliyepinda. Hawa ni ndugu. Kila mmoja amejenga nyumba yake.

Halafu akawaonyesha kwamba ndugu hao hawatofautiani ovyo ovyo. Akaandika kulia, kama mtoto anayelia. Kibemba husema ukulila, Kiluba kudila, Kinyarwanda kurira. Akaandika kula: Kibemba ukulya, Kiluba kudya, Kinyarwanda kurya. Akaandika hesabu ya mbili: Kibemba -bili, Kiluba -bidi, Kinyarwanda -biri.

– Mnaona nini?

Wakatazama. Msichana wa Pweto ndiye aliyeona kwanza. Mahali Kibemba kinaposema l mbele ya i au y, hapo Kiluba kinasema d, na Kinyarwanda kinasema r. Si mara moja tu, ila katika maneno yote matatu. Darasa likatulia. Walikuwa wakisikia maneno hayo kila siku sokoni, wala hakuna aliyepata kuona kwamba yana utaratibu.

Wataalamu wamefanya kazi hiyo kwa muda mrefu. Mjerumani Wilhelm Bleek, aliyeishi Afrika ya Kusini, alitoa mwaka 1862 kitabu kilicholinganisha lugha hizi. Ni yeye aliyezipa jina la Bantu, kutoka katika lile neno la watu. Mwaka 1899 Carl Meinhof alitoa kitabu juu ya sauti zake. Mwingereza Malcolm Guthrie akazipanga katika makundi, kila kundi na herufi yake: Kiswahili katika G, Kiluba katika L, Kiholoholo cha upande wa Kalemie katika D. Kitabwa na Kibemba wamo pamoja katika M. Namba ya Kitabwa ni 41, namba ya Kibemba ni 42, kama nyumba mbili zenye ua mmoja. Kwa jumla lugha za Kibantu zapita 400. Wataalamu wanasema kwamba asili yao ni mahali Nigeria na Kameruni zinapopakana, na kwamba watu walianza kutawanyika toka huko miaka 4,000 au 5,000 iliyopita. Si lugha zote za Kongo zimo katika ukoo huu. Kizande, Kilendu na Kimangbetu, kwa mfano, ni za koo nyingine.

Mwalimu akarudi kwenye Kitabwa. Akaandika kibanda, vibanda, na kando yake kitu, vitu.

– Ki na vi, alisema. Kitabwa na Kiswahili hapa ni sawasawa. Kiluba husema kintu, bintu. Kinyarwanda, ikintu, ibintu. Kibemba, icintu, ifintu.

Msichana wa Pweto akainua mkono.

– Mwalimu, mama yangu husema icibanda. Ni mzimu mbaya. Mimi ningejua kwamba si nyumba.

Mtoto akainama. Mwalimu akamwambia:

– Usione haya. Sikiliza lakini. Mtu anayekwenda kwa watu wa lugha ngeni kabisa, huuliza. Anajua kwamba hajui. Lakini anayekwenda kwa ndugu wa lugha yake haulizi. Anasikia neno linalofanana na lake, anasema: nimeelewa. Wewe hukupotezwa na neno gumu. Ulipotezwa na neno jepesi.

Ni kweli, na hatari hiyo haimpati mtoto mmoja tu. Kitabwa kimekaa kati ya ndugu wakubwa. Upande mmoja kuna Kiswahili, kilichokuja na misafara ya pwani. Mwaka 1867 Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, alimshinda Nsama, mfumu mkubwa wa Watabwa, akachukua pembe nyingi za ndovu. Baada ya vita, biashara. Baada ya biashara, shule na kazi. Na katika hayo yote Kiswahili kilipata nguvu. Upande wa pili, katika Zambia, ambako Watabwa wengine wanakaa katika nchi ya Kaputa na Nsama, lugha kubwa ni Kibemba. Hakuna aliyekipiga marufuku Kitabwa. Ila mtoto wa upande huu husema: ni Kiswahili kilichopinda. Mtoto wa upande ule husema: ni Kibemba kilichopinda. Hivyo kila mmoja huacha kujifunza, kwa maana nani hujifunza kitu anachodhani anakijua? Ndugu mkubwa anaposema sana, mdogo hunyamaza. Na nkambo akinyamaza, hakuna wa kumwuliza.

Wako waliojua thamani yake. Padri Auguste Van Acker alikusanya maneno ya Kitabwa, akayatia katika kamusi ya Kitabwa na Kifaransa, iliyochapwa Brussels mwaka 1907. Tena kuna Stefano Kaoze, mtu wa Marungu, ambaye mwaka 1917 alipewa upadri huko Baudouinville, wa kwanza kwa wenyeji wa Kongo ya Wabelgiji. Alipokuwa bado mwanafunzi aliandika kwa Kifaransa juu ya fikira za Wabantu, na maandiko yake yalitolewa katika Revue congolaise miaka ya 1910 na 1911. Alijifunza Kilatini na Kifaransa, akaandika habari za watu wake mwenyewe. Lugha ya milimani haikumfunga mguu.

Saa ya kwenda nyumbani, mwalimu alimpa mtoto daftari jipya.

– Likizo kubwa ikifika, alisema, ujaze hili. Upande wa kushoto Kitabwa, upande wa kulia maana yake. Usiandike maana unayoidhani. Andika ile nkambo aliyokuambia.

Mwezi wa saba mtoto akapanda tena milimani. Safari hii alibeba furushi la samaki wakavu. Alipofika mlangoni, alimsalimu nkambo kwa Kitabwa, akakosea. Nkambo akamjibu kwa Kiswahili: "Wewe kuingia."

Akafungua daftari, akamwomba maneno. Nkambo akatikisa kichwa.

– Mimi hapana jua, alisema. Uliza mwalimu.

Siku tatu zilipita hivyo. Daftari likabaki jeupe. Mtoto alitaka kulia, wala hakujua kwa lugha gani aombe radhi.

Siku ya nne jioni alikuwa amekaa nje. Karibu naye palikuwa na kikapu cha zamani, cheusi kwa moshi. Kilikuwa na mapambo ya pembe tatu, moja kando ya nyingine, zikizunguka kikapu chote. Mtoto akaweka kidole juu ya pembe tatu moja, akamtazama nkambo. Hakuuliza kwa Kiswahili. Hakuuliza kwa neno lo lote. Alingoja.

Nkambo alitazama kile kidole kwa muda. Mwishowe akasema:

– Balamwezi.

Mtoto akalirudia neno polepole. Alisikia ndani yake mwezi, neno ambalo Kiswahili na Kitabwa wanalo sawasawa. Karibu aseme: nimeelewa! Lakini alikumbuka korongo. Akanyosha mkono, akaonyesha mbinguni, akainua mabega yake kama mtu anayeuliza.

Nkambo akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Akaanza kueleza, kwanza kwa Kiswahili chake kibovu, halafu kwa mikono, halafu, bila kujua mwenyewe, kwa Kitabwa. Balamwezi ni kutokea kwa mwezi mpya, pale unaporudi baada ya usiku wa giza. Mapambo hayo Watabwa waliyafuma katika vikapu na mikeka, wakayachonga katika miti. Ni yale yale ambayo watu wa Marekani na wa Ulaya walikusanyika kuyatazama katika maonyesho ya sanaa ya Watabwa, na maonyesho hayo yakaitwa kwa jina hilo hilo la kutokea kwa mwezi mpya.

Mtoto akaandika: balamwezi. Akafikiri kidogo, akaandika tena mwezi, na kando yake umweshi, kama msichana wa Pweto alivyosema. Akauliza jina la roho za wazee. Nkambo akasema: mipasi. Kibemba, alikumbuka, ni imipashi. Akatazama mistari yake miwili: z imekuwa sh, na s imekuwa sh. Hakuna mwalimu aliyemwonyesha. Alikuwa ameuona utaratibu kwa macho yake, pale kwenye mkeka wa nkambo.

Usiku ule walikula samaki. Nkambo akawaambia majirani kwamba mume wake sasa ameanza kuleta chakula, ila ni mchoyo, ameleta wadogo tu. Majirani wakacheka. Mtoto alicheka nyuma yao kidogo, kwa kuwa alipaswa kwanza kuuliza maana.

Walipoondoka wageni, mtoto alionyesha upande wa korongo, akasema kwa Kitabwa neno moja alilolijua vizuri:

– Kibanda?

Kisha akauliza, kwa Kiswahili na Kitabwa vilivyochanganyika: ni nani aliyekufa pale? Walimfanya nini?

Nkambo akasogeza kuni motoni. Ilikuwa habari ndefu, ya mtu aliyejulikana na mama yake, na hapakuwa na mwingine kijijini aliyeijua yote. Akaanza kusimulia. Mara kwa mara mtoto alimkatiza kwa kuuliza, na kila mara nkambo alirudi nyuma, akaeleza tena. Taa ya mafuta ilizimika kabla ya habari kwisha. Mtoto alilifunga daftari, akaendelea kusikiliza gizani.

MAULIZO

1. Watabwa wanakaa wapi? Taja maziwa mawili.
2. Mtoto alisikia neno gani, naye alifikiri maana yake ni nini?
3. Kwa nini nkambo aliacha kusema Kitabwa na mjukuu wake?
4. Mwalimu alisema: "Ulipotezwa na neno jepesi." Eleza maana yake.
5. Uliza nyumbani maneno haya katika lugha ya kwenu: mtu, watu, maji, mwezi, kulia, mbili. Yaandike kando ya yale ya mwenzako. Mnaona utaratibu gani?